Uwanja wa Mpira Unaokinga Mvua

Watu wengi waendao kwenye uwanja mkubwa wa mpira huenda kwa ajili ya mchezo. Hutafuta nafasi, hutazama mpira kwa dakika 90, kisha hurudi makwao wakibishana juu ya penalti. Wakiulizwa paa la uwanja lilikuwa la namna gani, au maji ya mvua yaliyolipiga paa hilo yalikwenda wapi, hawana jibu. Lakini wako na watu wengine, nao si wachache siku hizi, ambao huenda uwanjani siku isiyo na mchezo wowote. Hao hutembelea uwanja kama wageni watembeleavyo Fort Jesus kule Mombasa, yaani kwa ajili ya kuutazama ujenzi wenyewe.

Kwa mtu wa Biliqo, katika kaunti ya Isiolo, safari ya namna hiyo yaweza kuonekana kuwa anasa tu. Biliqo ni kijiji cha wafugaji katika nyanda za mto Ewaso Ng'iro, upande wa Merti, nchi ambayo Waborana huiita Waso. Mvua ya huko aghalabu haifiki milimita 300 kwa mwaka, na katika nchi kavu kama hiyo kiwanja cha mpira ni uwanda mtupu wenye milingoti miwili huku na miwili kule. Je, mtu wa hapo ana shughuli gani na majukwaa ya saruji na mapaa ya chuma? Jibu ni kwamba katika Laikipia, juu ya mto huo huo upitao karibu na Biliqo, wamejenga uwanja wa mpira ambao kazi yake ya pili ni kukinga maji ya mvua. Mtu akitaka kuufahamu vema, yafaa kwanza ajue namna ya kuutazama uwanja wowote.

MAMBO YA KUTAZAMA

Jambo la kwanza ni magoli yameelekea wapi. Katika nchi zilizo karibu na Ikweta jua huchomoza mashariki na kutua magharibi mwaka mzima, wala halipindi sana. Kama goli moja lingewekwa mashariki na la pili magharibi, golikipa mmoja angecheza mchezo wa jioni huku jua likimpiga machoni, na kila mpira wa juu ungekuwa balaa kwake. Kwa hiyo wajenzi hodari huweka magoli kaskazini na kusini, na jukwaa kubwa huliweka upande wa magharibi ili watazamaji walipe jua mgongo wakati wa alasiri. Jambo hili halihitaji fedha hata kidogo. Vijana wa kijiji chochote waweza kung'oa milingoti yao na kuigeuza asubuhi moja, kama haikuwekwa sawasawa.

La pili ni mwinuko wa viti. Mtu huona vema kama macho yake yakipita juu ya kichwa cha mtu aliye mbele yake na kufika hata kwenye mstari wa kiwanja ulio karibu. Ili jambo hilo liwezekane kwa kila mmoja, safu za viti haziinuliwi kwa kipimo kimoja; za juu huinuliwa zaidi kuliko za chini, na ndiyo maana uwanja mzuri ukitazamwa kutoka ubavuni hufanana na bakuli. Mgeni aweza kulipima jambo hili mwenyewe kwa kukaa safu ya chini, kisha ya kati, kisha ya juu kabisa, akitazama mstari ule ule.

Tena kuna milango. Mwongozo wa usalama wa viwanja utumiwao Uingereza wataka watu waweze kutoka majukwaani kwa muda usiozidi dakika 8. Upana wa ngazi na idadi ya milango hutokana na hesabu hiyo. Kenya nayo imejifunza jambo hili kwa uchungu: tarehe 23 Oktoba 2010, katika uwanja wa Nyayo, Nairobi, watu saba walikufa katika msukumano wakati wa mchezo wa Gor Mahia na AFC Leopards. Atembeleaye uwanja na ahesabu milango kabla ya kusifu rangi ya viti.

La mwisho, nalo ndilo linalohusu makala haya zaidi, ni paa. Uwanja wa Kasarani ulifunguliwa mwaka 1987 kwa ajili ya Michezo ya Afrika, na ndipo ilipochezwa fainali ya mashindano ya CHAN tarehe 30 Agosti 2025, Morocco ikiifunga Madagaska mabao 3 kwa 2. Uwanja wa Talanta, ulioanza kujengwa kando ya Ngong Road mwaka 2024, ulipangwa uchukue watu 60,000. Mapaa ya viwanja kama hivyo ni mapana kupita paa lolote ambalo mtu wa kijijini amepata kuliona. Watazamaji huyasifu kwa sababu ya kivuli. Mjenzi, lakini, huyatazama kwa hofu kidogo, kwa kuwa ajua kwamba mvua moja kubwa ikinyesha, paa lake litamwaga mto mzima mahali pamoja, na hapana budi mto huo upewe njia.

Kule Atlanta, Marekani, palijengwa uwanja mkubwa uliofunguliwa mwaka 2017, na chini ya ardhi yake wakaweka shimo kubwa la saruji liwezalo kupokea maji zaidi ya lita milioni 2. Sababu kubwa ya shimo lile ni kwamba mtaa ulio karibu, uitwao Vine City, ulikuwa ukifurika mara kwa mara. Watu wa Atlanta walihifadhi maji ya mvua ili yasiwadhuru. Katika Laikipia mambo yalikuwa kinyume chake: waliyahifadhi ili wayanywe.

HESABU YA MVUA

Hesabu yenyewe ni nyepesi, na mtoto wa shule aweza kuifanya. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huleta lita 1 ya maji. Basi paa lenye mita za mraba 100, likipata milimita 300 kwa mwaka, hupokea lita 30,000. Sehemu hupotea kwa kukauka juu ya mabati na kurukia nje ya mchirizi. Ikikadiriwa kuwa moja ya tano imepotea, hubaki lita 24,000, yaani majerikeni 1,200 ya lita 20.

Kiwanja kamili cha mpira cha kimataifa kina urefu wa mita 105 na upana wa mita 68, ambazo ni mita za mraba 7,140. Hata katika nchi kavu kama Biliqo, mwaka wa milimita 300 huangusha juu ya eneo hilo lita zipatazo milioni 2 na laki 1. Karibu yote hunywewa na mchanga na kurudishwa hewani na jua. Nchi kavu, basi, haikosi mvua kabisa. Inakosa mahali pa kuiweka, kwa maana mvua yenyewe huja kwa siku chache za ganna na siku chache za hagaya, kisha huondoka.

Tuseme kijiji kimejenga jukwaa moja tu, lenye paa la mabati la urefu wa mita 60 na upana wa mita 6, upande wa magharibi wa kiwanja. Paa hilo ni mita za mraba 360. Kwa mvua ile ile ya milimita 300, na kwa kutoa moja ya tano, litatoa lita 86,400 kwa mwaka. Shule yenye watoto 300, kila mtoto akipewa lita 5 kwa siku, hutumia lita 1,500. Maji ya jukwaa yatawatosha siku 57. Mtu asidanganyike kwamba hayo ni ya mwaka mzima. Lakini siku 57 zikitunzwa kwa ajili ya mwisho wa kiangazi, wakati ambapo watoto hutumwa maji badala ya kwenda shule, ni siku nyingi.

UWANJA WA ENDANA

Wazo la kuunganisha mpira na maji lilifanyiwa kazi na wasanifu wawili wa majengo, David Turnbull na Jane Harrison, katika shirika waliloliita PITCHAfrica. Walifikiri hivi: katika Afrika yote hakuna kitu kikusanyacho watu wa kila kabila na kila umri kama mpira wa miguu. Kisima huchimbwa pale maji yalipo, nayo mara nyingi yako mbali na watu. Mvua, kinyume cha kisima, huanguka popote. Basi mahali ambapo watu hukusanyika kwa furaha, hapo hapo na pajengwe birika.

Kazi yao ya kwanza katika Laikipia, waliyoifanya pamoja na Zeitz Foundation, haikuwa uwanja. Ilikuwa shule ndogo ya msingi ya Uaso Nyiro, iliyomalizika mwaka 2012. Madarasa yake manne hayakupangwa kwa safu kama ilivyo desturi ya shule za Kenya, bali yalizungushwa kuuzunguka ua, na mapaa yake yakainamishwa kuelekea ndani. Maji yote ya paa hushuka uani, na chini ya ua huo limo birika la lita 150,000. Ilikadiriwa kwamba jengo lingekusanya lita zipatazo 350,000 kwa mwaka, kwa kuwa Laikipia hupata mvua kupita Waso. Maji hupitishwa katika vichujio vya udongo wa kuchoma kabla ya kunywewa. Gharama ya jengo ilikuwa karibu sawa na ile ya kujenga madarasa manne ya kawaida, na hilo ndilo jambo la kushangaza zaidi. Tofauti haikutoka katika fedha bali katika mpango: mabati yale yale, mawe yale yale, yamewekwa kwa akili nyingine. Mwaka 2013 baraza la majengo ya kijani la Marekani liliipa shule hiyo sifa ya kuwa shule ya kijani kupita zote duniani, na jina la Uaso Nyiro likasomwa na watu ambao hawajui Laikipia iko wapi.

Baada ya shule ndipo ulipokuja uwanja, katika shule ya sekondari ya Endana, kwenye eneo la ekari zipatazo 10. Uwanja ulipewa jina la Samuel Eto'o, mchezaji mashuhuri wa Kamerun. Ni uwanja wa watu 1,500, na majukwaa yake yanauzunguka mchezo pande zote kama kuta za boma. Si uwanja wa kimataifa. Kiwanja chake ni kidogo, cha mpira wa vikosi vidogo na mpira wa wavu. Atakayekwenda akitazamia Kasarani atacheka. Lakini mtu wa namna hiyo atakuwa amesahau alichoendea.

Cha kutazama huko ni jinsi kila sehemu ya jengo ilivyopewa kazi mbili. Paa ni kivuli, tena ni kinga ya maji. Katika viwanja vingi, nafasi iliyo chini ya jukwaa ni giza na takataka. Wasanifu hawa waliiona kuwa ni nyumba ambayo tayari imekwisha kujengwa paa, wakataka itumike kwa masomo na kazi za watu. Birika nalo, lililo chini, halipati jua, na kwa hiyo maji hayakauki wala hayaoti ukungu wa kijani upesi. Wasomali hujenga birika la namna hiyo malishoni na kuliita barkad, na watu wa pwani walikuwa na mabirika yao misikitini karne nyingi kabla ya wasanifu hawa kuzaliwa. Kuyaweka maji chini ya ardhi si maarifa mapya. Mapya ni kwamba watazamaji wa mpira wanakaa juu yake.

MTO NI MMOJA

Yawezekana msomaji wa Biliqo aseme: hayo ni ya Laikipia, nao wana mvua, yanamfaa nini mtu wa huku chini?

Mto Ewaso Ng'iro hutoka katika mlima Kenya na milima ya Aberdare, hupita Laikipia, hushuka Archers Post, ukapita nchi ya Biliqo na Merti, hata ukaishia katika kinamasi cha Lorian. Kila pampu iwekwayo juu hupunguza maji ya chini. Katika miaka ya kiangazi kikali, kama vile 2000, 2009 na 2017, sehemu ya chini ya mto ilikauka ikabaki mchanga, na wafugaji wakachimba humo humo mtoni kutafuta maji ya mifugo. Kisha mto huo huo waweza kugeuka bila taarifa. Mwezi Machi 2010, baada ya ukame wa mwaka uliotangulia, ulifurika ukachukua kambi za wageni katika hifadhi ya Samburu. Na baada ya misimu mitano ya mvua kushindwa mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, ng'ombe wakafa kwa maelfu. Mwishoni mwa 2023 yakaja mafuriko katika kaunti ya Isiolo.

Shule ya Laikipia inywayo maji ya paa lake haiyachukui mtoni. Lita 350,000 ni kidogo sana zikilinganishwa na mashamba ya kumwagilia, na ni haki kulisema hilo wazi: birika la shule moja halitaurudisha mto. Lakini shule za Laikipia si moja, na kila moja ina paa. Watu wa Waso wamezoea kuwaona watu wa juu kama wenye kuwanyima maji, na mara nyingi wana sababu. Majengo haya yaonyesha kwamba watu wa juu waweza kupunguza haja yao ya mto bila kuambiwa waache kunywa. Hoja hiyo mzee wa Biliqo aweza kuipeleka katika mkutano wowote wa watumiao maji ya mto, akiwa na hesabu mkononi badala ya malalamiko peke yake.

KAZI YA ABA HEREGA

Jengo lililotajwa kwa sifa siku ya kufunguliwa laweza kuwa gofu baada ya miaka michache, na majengo ya maji huharibika kwa mambo madogo. Mchirizi mmoja ukijaa majani, maji humwagika ukutani na birika hubaki tupu. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huosha mavumbi na mavi ya ndege kutoka juu ya mabati. Maji hayo hapana budi yaelekezwe nje, na mtu wa kuyaelekeza lazima awepo wakati mvua inapoanza, hata kama ni usiku. Tundu la hewa lisilofunikwa kwa wavu huzaa mbu. Bomba lisilo na mwenyewe hutiririka hadi asubuhi.

Katika mambo haya watu wa Waso hawahitaji mwalimu kutoka mbali. Visima vya Waborana vimekuwa na aba herega tangu zamani, naye ndiye mtu ambaye huangalia zamu ya kunywesha, mifugo ya nani itangulie na ya nani ingoje, na kisima kisafishwe lini. Mtu aliyechimba kisima ana haki yake, lakini hana ruhusa ya kumfukuza mwenye kiu. Mchoro wa msanifu hauonyeshi mtu huyo, na bila yeye birika la lita 150,000 ni shimo tu. Kama jukwaa la kukinga mvua litajengwa siku moja katika nchi ya Biliqo, swali la nani atashika ufunguo wa bomba lapasa kujibiwa kabla ya kununua bati la kwanza. Timu ya mpira isiachiwe jambo hilo peke yake, maana vijana huhama, na msimu wa ligi haulingani na msimu wa ukame.

Tena vipimo visichukuliwe kama vilivyo. Mvua ya Laikipia ni milimita 400 hadi 750 kwa mwaka. Ya Biliqo ni pungufu, na huja kwa mirindimo michache yenye nguvu. Kwa hiyo michirizi ya Biliqo itapaswa kuwa mipana zaidi, ili imeze mvua ya saa moja bila kufurika, na birika liwe kubwa kwa kulinganisha na paa, ili lipokee karibu maji yote ya ganna kwa mara moja. Upepo wa nyanda nao ni mkali. Paa la jukwaa lililo wazi upande mmoja huinuliwa na upepo kama mwavuli, na lazima lifungwe chini kwa vyuma vilivyozamishwa katika saruji.

Atakaye kwenda kuona kwa macho yake atashika njia ya vumbi hadi Isiolo, kisha lami ya Timau hadi Nanyuki, na kutoka hapo aulize njia ya Endana. Ni mahali pa shule, basi aandike barua mapema kwa mwalimu mkuu, wala asifike wakati wa mitihani. Wakati mwema ni Aprili au Novemba, mvua zinaponyesha. Achukue kamba ya kupimia na daftari, apime upana wa mchirizi, ahesabu hatua za urefu wa paa, aulize birika husafishwa mara ngapi kwa mwaka na nani hulisafisha. Mvua ikianza akiwa hapo, asikimbilie kivulini pamoja na wengine. Asimame pale bomba la kushukia liingiapo ardhini, asikilize.